Safari za Gari la Mawese

Kinama, Bujumbura
13 Januari 2025

Mwanangu Laure,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba upepo wa ziwa haukusumbui kifua kama mwaka jana. Sisi tuko. Goti langu bado linanikataza kupiga magoti kanisani, lakini Padri amekwisha kunizoea nikisali nimekaa. Mvua imebomoa ukuta wa choo na tumeujenga tena. Mama yako anakula, ingawa kidogo. Usiniulize tena kwa nini sipokei simu. Simu ni ya kusema umefika salama. Mambo mengine yanataka karatasi na mtu aliyekaa kitako.

Barua yako ya Krismasi nimeisoma na kuisahihisha kwa wino mwekundu, nami naambatanisha. Umeandika "gari amekutwa barabarani". Gari ni kitu, Laure. Gari limekutwa. Nilikufundisha haya ukiwa bado huna meno ya mbele: a- ni ya mwenye uhai, anayekwenda kwa hiari yake na kurudi kwa hiari yake. Najua kwamba hapa Bujumbura watu wanasema wapendavyo, lakini wewe si watu.

Sasa jambo lenyewe. Uliomba nikueleze vizuri mambo ya baba yako, kwa kuwa kila mtu amekueleza vingine. Ilikuwa Novemba. Vituo vya mafuta vya mji mzima vilikuwa vikavu, na magari yalikuwa yamelala kwenye foleni hata kuku wakaanza kutaga chini yake. Baba yako, mdogo wangu Fortunat, alitoka asubuhi kwenda Rumonge kununua mawese, kwa maana gari lake lilikuwa limezoea kuyanywa kuliko mazutu, hiyo dizeli yenu ya huko. Hakurudi. Kesho yake, watu wanaokaa mbele ya Kabezi walisikia harufu ya kukaanga ikitoka barabarani. Watoto walitangulia wakidhani kuna harusi. Walilikuta gari limesimama kando, limeelekea kusini, mlango umefungwa, injini inanguruma taratibu. Ndani hapakuwa na mtu. Mapipa ya nyuma yalikuwa matupu, kwa hiyo Rumonge hakufika. Polisi walitafuta ziwani na katika michikichi, wasipate hata kofia yake.

Wiki iliyopita polisi wameturudishia gari, nalo liko uani. Nami, kama mkubwa wa nyumba, nimeamua kwamba mwezi wa Juni tufanye kuganduka, tuondoe matanga kabisa. Mama yako hawezi kuishi akiwa nusu mke na nusu mjane. Bado anampakulia mume wake chakula, kisha anakaa akikitazama mpaka kinapoa. Gari nitamwuzia Twalibu, yule mchuuzi wa magari wa Buyenzi. Lakini hakuna anayeweza kuliwasha. Mawese yameganda ndani kama mafuta ya ng'ombe. Wewe ni fundi, niambie la kufanya. Niambie pia kwa nini hujaja kulia pamoja nasi.

Mkubwa wa baba yako,
Callixte


Kigoma
3 Februari 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mama Odette wa biashara za mpakani alinifikishia barua yako pamoja na kifurushi cha ndagala. Garaji nzima wamecheka, kwamba nimeletewa dagaa kutoka Bujumbura na huku tunaanikiwa dagaa mpaka mlangoni. Nimewala wote peke yangu. Nina afya. Tajiri wangu sasa ananiachia pampu za injini za mitumbwi mikubwa bila kusimama nyuma yangu. Mpe Mama salamu. Goti lako likandwe kwa maji ya moto, si kwa ile dawa ya sokoni.

Kuhusu gari. Lina matangi mawili. Dogo ni la mazutu, kubwa ni la mawese. Baba alizungusha bomba la shaba ndani ya lile kubwa, na maji ya moto ya injini yanapopita humo mawese yanayeyuka. Chini ya usukani, karibu na goti la kushoto, kuna koki. Unawasha kwa mazutu. Injini ikishapata moto, unageuza koki kwenye mawese. Kabla ya kufika unairudisha kwenye mazutu, ili mabomba yasafishike. Ukisahau, mawese yanaganda humo na kesho yake gari haliwaki. Baba hakusahau hata mara moja. Aliigeuza alipofika kwenye soko la Kinama, ndiyo maana Mama alijua anakaribia: harufu ya kukaanga ilikatika, kisha akaja. Mwageni maji ya moto juu ya mabomba, litawaka.

Lakini usiliuze, Baba Mkubwa. Hujui kwa nini alilitesa vile. Aling'oa viti vya nyuma, akaondoa vyuma vya juu, akajaza upepo matairi mpaka yakawa magumu kama mbao, akapanda nalo mlima wa Kiriri na kuteremka ili kujua ni wapi mguu unaweza kukaa bila kukanyaga. Watu wa Kiriri walimcheka, na magari yao yalikuwa hayana tone. Aliniandikia kwamba kutoka Bujumbura mpaka hapa na kurudi hakuna pa kutegemea mafuta, kwa hiyo gari ni lazima liende na kurudi kwa tangi moja. Alitaka kumleta Mama anione. Kila alichopunguza kwenye gari, alikuwa anapunguza njia iliyoko kati yetu.

Kuganduka, hapana. Nisamehe. Hatuwezi kumwondolea matanga mtu ambaye hatukumlaza.

Kwa nini siji, tafadhali usiniulize.

Mtoto wako,
Laure


Kinama
10 Machi 2025

Mwanangu Laure,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa upande mmoja, lakini inasomeka. Nashukuru kwa habari za pampu. Mama yako yuko vizuri. Huku mazutu ni yale yale: yanapatikana kwa bidoni za lita tano, nyuma ya nyumba za watu, kwa kunong'ona. Makosa yako ni matatu tu safari hii, nami sitayataja.

Maji ya moto yamefaa, gari limewaka. Umesema nisiliuze, nimesikia, lakini mwenye kuamua katika nyumba hii ni mimi, nami nilimwita Twalibu ili alijaribu. Alizunguka nalo mpaka Kigobe na kurudi. Alipofika uani alishuka upesi, akaniwekea ufunguo mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kama anavyopewa mtoto pesa ya kwenda dukani.

"Mzee, mi apana. Hii gari iko na mwenyewe."

Nilimwambia kwamba inasemwa gari hili lina mwenyewe.

"Hivyo hivyo, mzee. Iko naye. Nikifika soko, ile koki inajigeuza. Mi mikono yote iko kwa usukani. Najua mazutu, najua majini pia, lakini vyote viwili katika gari moja, apana."

Nilimjibu kwamba chuma kikilegea hutikisika na kugeuka. Alinitazama goti, akasema nisipande humo, akaenda zake kwa miguu mpaka Buyenzi.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Misa sote, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu. Tulipotoka kanisani, uani hapakuwa na gari. Nilitaka kwenda polisi, lakini mama yako alisema tungoje kwanza tule. Tulikuwa bado tunakula. Aliporudi, matairi yalikuwa na mchanga mweupe wa ziwa na ua mzima ulinukia kukaanga. Namshuku Twalibu kwamba alichonga ufunguo wa pili, na maneno yake yote yalikuwa ya kunipunguzia bei. Nitabadilisha kufuli ya lango.

Kuhusu kuganduka, ni Juni. Sijabadili neno.

Callixte


Kigoma
7 Aprili 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa majirani. Mimi ni mzima. Mvua za huku zimekata barabara ya juu, lakini mabasi yanapita.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko barua yoyote uliyonipa, na sitazunguka. Umeandika "aliporudi". Mtu mwingine yeyote wa Bujumbura angeandika hivyo nami nisingeshtuka. Wewe ulimrudisha mchumba wa binamu yangu langoni kwa sababu alisema "nyumba amejengwa". Wewe hukosei.

Twalibu hukumtaja kwamba amekuja. Umesema tu kwamba mlikuwa mnakula, na kwamba alirudi. Kama baba yangu amerudi naye amekatazwa kuonekana, au ameharibika akili, au amefanya jambo ambalo linawaaibisha, niambie. Nitakuja siku hiyo hiyo, kwa basi, kwa mtumbwi, kwa vyovyote. Kama mnamficha, mpe barua hii aisome.

Na kama hakurudi, mwulize anayeliendesha hilo gari maswali ya fundi. Chukua kijiti kirefu, kiingize katika tangi kubwa kabla ya Misa, tia alama, kisha kiingize tena baada ya Misa. Tazama koki iko upande gani. Tazama udongo wa matairi. Mwizi hawezi kutumia gari bila kulinywesha.

Nangoja jibu. Mama Odette amesema anarudi huku mwisho wa mwezi.

Laure


Kinama
6 Mei 2025

Mwanangu Laure,

Odette alipata homa, ndiyo sababu ya kuchelewa. Sasa amepona. Mama yako anakusalimu. Ameanza kula vizuri, nami ningefurahi kama ningekuwa sijui kwa nini.

Sikukosea. Na baba yako hakurudi.

Nilikaa nikitafuta kitenzi kingine, nikakikosa. Kanuni inasema kwamba kitu hurudishwa na mwenye uhai hurudi. Nililiona likirudi, Laure. Nilikuwa nimetangulia kutoka mezani kunawa mikono. Lango lilikuwa wazi. Gari liliingia polepole, likakwepa beseni la mama yako kama baba yako alivyolikwepa siku zote, likarudi nyuma kidogo ili mlango wa dereva usigonge ukuta, likazima. Vioo vilikuwa vimepandishwa. Jua lilikuwa linawaka na niliona vizuri viti vyote viwili. Kwenye karatasi, mkono wangu uliandika a- kabla sijauruhusu, nami nilipoisoma tena sikupata sababu ya haki ya kuifuta.

Nimefanya ulivyoniagiza. Koki ilikuwa upande wa mazutu. Kufuli mpya ya lango ilikutwa imefunguliwa, imewekwa juu ya jiwe, na ufunguo wake haukutoka mfukoni mwangu. Sasa kila Jumapili ni hivyo. Matairi yalianza na mchanga wa ziwa, yakafuata majani ya michikichi, na Jumapili iliyopita yalikuja na udongo mwekundu ambao Odette aliuvunja kwa kucha akasema ni wa milima ya kuelekea Manyovu, mpakani kwenu. Misa yetu haitoshi hata kwenda Rumonge na kurudi. Na kijiti chako, sijui nikueleze vipi wewe fundi. Kadiri udongo unavyotoka mbali, ndivyo mawese yaliyotumika yanavyozidi kuwa kidogo. Linakwenda, linarudi, wiki ijayo linasogea mbele. Fortunat alipima hivyo hivyo alipokuwa akijifunza mlima wa Kiriri.

Nimeona niyamwage mawese na mazutu yote, nikamwaga, matangi yote mawili, mpaka tone la mwisho. Jumapili lilikwenda.

Jambo linaloninyima raha ni mama yako. Haendi tena Misa. Anasema anabaki kulinda nyumba. Niliporudi juzi nilimkuta amekaa katika gari, kiti cha abiria, amejifunga kitambaa cha safari, kikapu magotini. Nilimwambia ashuke. "Shemeji," akanijibu, "si leo. Leo bado halifiki."

Hajalia tangu Novemba. Nataka tumlilie mume wake, tumalize, abaki nami hapa akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Kama tusipofanya kuganduka upesi, siku moja nitatoka Misa nikute ua mtupu.

Usiende kwenye barabara ya Manyovu. Sikuelezi kwa nini, nakukataza tu.

Baba Mkubwa wako,
Callixte


Kigoma
26 Mei 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Namshukuru Mungu kwa afya ya Mama Odette. Huku garaji imepata kazi nyingi, tunafunga injini mbili mpya.

Umenikataza kwenda kwenye barabara ya Manyovu. Barua yako ilifika nikiwa nimekwisha kwenda. Sikuona kitu. Madereva wa bodaboda wa pale njia panda wananitania kwamba nina bwana huko Burundi anayekuja Jumapili. Mmoja aliniambia, "Dada, huyo bwana wako ni mpishi? Kila Jumapili upepo wa mpakani unanuka maandazi." Nilicheka nao. Nilipogeuka nikaona kwamba nimeshikilia nguzo.

Mimi ni fundi. Injini isiyo na mafuta haizunguki. Nimelala chini ya injini miaka yangu yote ya utu uzima na sijaona hata moja iliyokaidi. Kwa hiyo nakuambia, kuna mtu anayelijaza. Mwulize Mama. Mwulize tu, ukiwa umekaa karibu naye, wala usisahihishe anavyojibu.

Kuhusu Juni, nipe muda. Nimeanza kulifikiri. Sikusema nimekubali.

Laure


Kinama
8 Juni 2025, Pentekoste

Laure,

Salamu nitazitoa siku nyingine.

Ua ni mtupu. Mama yako amekwenda nalo. Jana usiku nilimwuliza kama ulivyoniambia, nikiwa nimekaa karibu naye, akajibu kwamba yeye hajalijaza gari hata kwa kijiko. Leo asubuhi nilitaka nisiende Misa. Alinipigia pasi shati akanipa, akasema, "Nenda, Shemeji, usije ukamkosa Mungu kwa ajili yangu." Nilikwenda, kwa kuwa ni Pentekoste, na kwa kuwa nilificha ufunguo kama kwamba ufunguo una kazi.

Sufuria zote zimeoshwa na kufunikwa. Amefagia. Hajaacha chakula mezani, si kwa ajili yangu wala kwa ajili ya mume wake.

Nimepiga simu yako kwa simu ya jirani, haikupatikana. Odette anapanda basi la alfajiri. Kama mama yako atafika, mshushe, umshike mkono, wala usiingie wewe. Kisha zima injini. Sikuombi kama fundi. Ukiiacha iungurume, mama yako hatashuka kamwe hata akishuka.

Niambie amefika.

Callixte


Kigoma
11 Juni 2025

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mama amefika. Ni mzima, anakula, amelala sasa hivi kitandani kwangu wakati nikiandika. Nilikupigia kwa namba ya jirani yako ili ujue hilo kabla ya karatasi, naye amesema alikuambia. Mengine ndiyo haya.

Jumapili garaji ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa ndani nikipanga vyuma. Nilisikia harufu kwanza. Mbwa wa jirani aliamka, akaenda mpaka barabarani, akakaa. Kisha harufu ikakatika, ghafla, kabla ya kona, na kidogo tu baadaye gari likaingia. Mama alikuwa kiti cha abiria, kikapu magotini, uso wake mzuri kama wa picha ya harusi yake. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Nilimshusha, nikamshika mkono, ingawa barua yako ilikuwa bado Bujumbura.

Nilimwuliza nani amemwendesha. Alinitazama kama nimeuliza upumbavu.

"Baba yako. Amesimama mpakani kuonyesha karatasi. Ametuambia tutangulie, gari linajua njia."

Nilitaka kuzima injini, akanizuia. Alisema baba anakuja nyuma kwa miguu, na akiwa hasikii injini atapotea. Basi tukakaa, yeye kwenye ngazi na mimi juu ya tairi bovu, mchana wote. Alinieleza njia ilivyokuwa. Alisema hawakuongea sana, ila Baba alipungia mkono walipopita Rumonge. Nilichukua kijiti nikakiingiza tangi kubwa, kikatoka kikavu. Nikakiingiza dogo, kikavu, kikavu hata vumbi la ndani likakishika. Injini ilikuwa inanguruma kama iliyoshiba.

Jioni nilimtazama Mama nikaona kwamba anaweza kukaa kwenye ngazi ile mpaka azeeke. Nikajiona mimi pia, kwenye tairi. Uliniuliza kwa nini sikuja nyumbani kulia. Nilifikiri nikija nyumbani Baba atakuwa hana pa kwenda. Nilifikiri nikibaki huku, basi yuko njiani.

Injini ya mazutu ikikataa kuzimika, huinyimi mafuta, unainyima hewa. Nilifungua boneti, nikatoa kichujio, nikaweka kiganja changu juu ya bomba linalovuta. Ilivuta kwa nguvu, Baba Mkubwa, ngozi ya mkono wangu ikaingia ndani. Kisha ikavuta taratibu. Kisha ikavuta kama mtoto anayekaribia kulala. Kisha haikuvuta tena.

Mama alilia. Alilia mpaka majirani wakaja na mikeka bila kuuliza tunamlilia nani, wakakaa nasi mpaka asubuhi.

Gari nimelijaribu Jumatatu kwa mazutu mapya. Haliwaki. Pistoni zimeshikana, na kutu iliyomo ndani ni ya injini iliyolala tangu mwaka jana.

Panga siku ya kuganduka. Tutakuja wote wawili, kwa basi. Ila niambie kitu kimoja, wewe usiyejua kudanganya. Nimemzimia injini akiwa bado njiani?

Laure


Kinama
9 Julai 2025

Mwanangu Laure,

Nakusalimu, na kwa mkono wako namsalimu shemeji yangu Caritas. Goti linaendelea vizuri tangu nilipoacha dawa ya sokoni. Sikukuu ya Uhuru imepita kwa mvua kidogo isiyo ya majira yake. Kuganduka ni Jumamosi ya pili ya Agosti. Padri amekubali, na Twalibu, ambaye nilimwomba radhi kwa kumdhania wizi, ameahidi kuleta viti.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilifikiri nisikuandikie haya. Lakini umeniuliza, na kunyamaza mbele ya swali la namna hiyo ni uongo.

Odette aliporudi alipita mpakani, akanywa chai kwa Benite, mwanamke anayekaanga maandazi kando ya barabara, unayemjua kwa jina. Benite alimhadithia jambo bila kujua kwamba linatuhusu. Jumapili ya Pentekoste, mchana, mtu alikuja akasimama karibu na karai lake, mikono nyuma, akitazama upande wa Kigoma. Hakuwa na mzigo. Benite alimpa andazi; alishukuru, hakulipokea. Benite akamwuliza kama anangoja gari. Akajibu kwamba gari limekwisha pita, na watu wake wamo.

"Sasa unangoja nini, baba?"

"Nangoja kusikia."

Benite alicheka, kwa kuwa kutoka pale mpaka Kigoma hata radi haisikiki. Akaendelea na kazi yake. Mtu yule alisimama mahali pale pale mchana wote, akiinamisha kichwa kidogo, kama dereva anavyoisikiliza injini ambayo mtu mwingine anaiendesha. Jioni aliinua mkono, akimwomba anyamaze. Benite anasema alinyamaza, na ndipo alipogundua kwamba hayasikii mafuta yake. Yalikuwa yanachemka mbele ya macho yake, maandazi yanageuka rangi, na hayakutoa sauti hata kidogo.

Kisha sauti ikarudi. Mtu yule alikuwa anatabasamu. Alipangusa mikono kwenye suruali, kama aliyemaliza kazi, akasema, "Basi, wamefika," akateremka kuelekea ziwani.

Baba Mkubwa wako,
Callixte